Bima Isiyouliza Swali

Eddah Ajwang alipohamia nchi ya majani chai, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa sufuria wala godoro. Alinunua soksi nzito za sufi za mtoto wa miaka saba, na kofia ya kufunika masikio. Mwenye duka akamtania, ati huyo mtoto anapelekwa Ulaya ama nini. Eddah akacheka cheko la mgeni asiyetaka kuulizwa zaidi, akalipa, akaondoka zake.

Alikuwa ametoka Shirati, kando ya ziwa, upande wa Tanzania. Mumewe Calvince ni fundi wa boila, na kiwanda kimoja cha chai katikati ya Litein na Sotik kilikuwa kimemwajiri kwa mkataba, na kibali cha kazi juu yake. Sasa najua kuna watu watasema Shirati si ng'ambo, ni hapo tu, unavuka mpaka pale Sirari asubuhi na jioni umefika, na Wajaluo wako huku na kule. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuugua ugenini. Nchi ya watu ni nchi ya watu. Unakuta Kiswahili kinachofanana na chako, lakini ukisema "naomba chumvi" dukani watu wanageuka kukutazama, na siku ukiumwa ndipo unagundua kwamba jina lako halimo kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Na Eddah alijua ni nani ataumwa. Dorcus, mwanawe wa pekee, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku Kenya wengi wanauita sikoseli. Chembe za damu zinajipinda, zinakwama ndani ya mishipa, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, ya kifua, ya tumbo, mpaka sauti inamkauka. Baridi ni adui mkubwa wa mtoto wa namna hiyo. Na mume kapata kazi wapi? Mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaamka pamoja na watu, na alasiri mvua ya mawe inatwanga mabati mpaka hamsikilizani. Calvince alitaka mtoto abaki kwa bibi yake. Eddah alikataa katakata, akasema hawezi kulala nchi moja na mtoto wake nchi nyingine.

Walipanga vyumba viwili kwenye boma la Cheptoo, mama wa Kikipsigis mwenye shamba la chai, ng'ombe wa maziwa na mdomo usiopumzika. Alikuwa mtu mwema, wacha niseme mapema, maana huko mbele mtu anaweza kumlaumu bure. Siku ya kwanza tu aliwaletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, akasimama pale kuona kama wageni watakunywa ama watakunja uso kwa ule mkaa wake. Walikunywa. Basi ikawa wamekwisha kuwa watu wake. Bintiye Fancy alikuwa rika moja na Dorcus, na kabla ya wiki kwisha wale wawili walikuwa chanda na pete.

Kuhusu matibabu, kiwandani walimwambia Calvince kwamba yeye mwenyewe atatibiwa kwenye zahanati yao, lakini mke na mtoto ni shauri lake. Bima ya serikali iliwataka kwanza wawe na kadi za wageni wakaazi, na kadi zao zilikuwa bado zinashughulikiwa. Ikabaki bima ya kampuni ya watu binafsi, na hapo ndipo ajenti mmoja anayeitwa Winny alipoletwa na rafiki wa Calvince wa kazini.

Winny alikuja amevaa gamboti na kubeba begi zuri la ngozi, kwa sababu njia ya kwenda kwa Cheptoo wakati wa mvua haiheshimu kazi ya mtu. Akakaa, akapewa chai, akaeleza vizuri kabisa. Kuna bima ya kulazwa peke yake, akasema, na kuna ya kulazwa pamoja na kuonwa na daktari ukitembea na miguu yako. Akataja hospitali wanazoweza kwenda. Akasema mgeni mwenye pasipoti na kibali anapokelewa bila maneno. Eddah alimsikiliza huku moyo ukimtulia kidogo kidogo. Alikuwa amelala na hofu hiyo tangu wavuke mpaka, na sasa mtu ameketi mbele yake anaongea habari ya wodi na daktari kama mtu anayeongea habari ya viazi.

Cheptoo naye alikuwa hapo hapo. Alileta maziwa, na katika nchi ile mtu aliyekuletea maziwa humwambii atoke nje mna mazungumzo. Alikuwa amejiegemeza mlangoni, akichangia hata asipoulizwa.

Ndipo Winny akafika kwenye swali lake. Aliliuliza bila ubaya wowote, kalamu mkononi.

"Kuna mtu kwa hii nyumba ako na ugonjwa wa kudumu? Sukari, presha, pumu, sikoseli, kitu kama hiyo?"

Eddah alimtazama Cheptoo pale mlangoni, akawatazama wale watoto wawili waliokuwa wakirusha mawe ya mvua kwenye ndoo uani. Winny, ambaye hakuwa mjinga, aliongeza kwa upole kwamba ugonjwa haumkatazi mtu bima, ila itabidi angoje miezi kadhaa kabla bima haijalipia ugonjwa huo. Lakini akificha, akasema, siku ya shida kampuni ikigundua itamwacha mataani. Eddah akasema atashauriana na Baba Dorcus. Winny akamaliza chai yake, akaacha namba ya simu, akarudi kwenye tope.

Wewe msomaji unaweza kushangaa. Kwani kusema ni kazi gani? Mficha maradhi kilio humuumbua, hata mtoto wa chekechea anaijua methali hiyo. Lakini methali haijawahi kuolewa. Dada yake Eddah aliolewa akazaa mtoto mwenye selimundu, na mtoto alipofariki wakwe walisema tumbo lake limeoza. Si kwa siri, walisema matangani, watu wakila. Walimrudisha kwao na sanduku lake. Tangu siku ile mama yao aliwakataza watoto wake kulitaja neno hilo mbele ya mtu asiye wa damu yao. Dorcus alipogunduliwa hospitali ya kule, Eddah alijifunza kusema "anapata homa ya miguu" kwa sura isiyobadilika, akasema hivyo kanisani, shuleni na kwa majirani, miaka nenda miaka rudi, hadi ikawa rahisi kama kusema habari za asubuhi. Na sasa amefika mahali ambapo hakuna anayemjua, mtoto amepata rafiki, jirani anawapenda. Aanze upya na neno lile lile lililomuua dada yake akiwa bado anatembea? Alikuwa anaogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga.

Jioni alimwambia Calvince. Calvince akasema kwa maoni yake wangesema tu ukweli wakangoja hiyo miezi. Eddah akamwuliza kama ameshamsahau shemeji yake. Calvince akakuna kichwa, akasema basi, wewe ndiye unajua. Hilo ni neno la wanaume wanaotaka lawama ilale kwa mtu mwingine, na nimelisikia mara nyingi mno hata siwezi tena kulionea huruma.

Siku chache baadaye Eddah alikwenda kumsaidia Cheptoo kuchuma chai. Kuchuma kwenyewe alikuwa bado anajifunza, anakata majani matatu mahali pa mawili, na Cheptoo anamcheka. Katikati ya mistari ya chai Cheptoo akamwuliza kama ameshaamua habari ya bima. Eddah akasema bado. Cheptoo akatupa majani kwenye kikapu cha mgongoni, akasema mambo ya kampuni ni maswali mengi ya bure. Yeye mwenyewe amesajiliwa kwenye bima ya serikali, analipa, na mwanawe Fancy yumo ndani.

"Fancy na Dorcus ni kimo kimoja," akasema. "Mtoto wa kokwet ni wetu sisi wote. Akigonjeka, mimi naenda na yeye kama wangu. Nani ataniuliza?"

Kokwet ndiyo ule ujirani wao, boma kwa boma, watu wanaozikana na kulimiana. Kwa Cheptoo jambo hilo halikuwa wizi. Mtoto wa jirani akinyeshewa anavalishwa sweta ya mtoto wako, akikukuta unapakua ugali anakaa anakula, na mkosaji anachapwa na mama yeyote aliye karibu. Kwa nini jina liwe kitu kikubwa kuliko sweta? Alisema vile kwa moyo mweupe, na Eddah akaona machozi yanamlengalenga. Tangu azaliwe hajawahi kupewa kitu kikubwa namna ile na mtu asiye ndugu yake.

Lakini nisimtetee Eddah kupita kiasi. Haikuwa shukrani peke yake. Winny aliuliza swali, na Cheptoo hakuuliza. Eddah alichagua bima isiyouliza, na alijua kwamba anaichagua kwa sababu hiyo. Wahenga walikwisha sema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mtu aliye uchi kwenye baridi hana saa ya kuwasikiliza wahenga.

Ikabaki kumfundisha mtoto. Mwanzoni walifanya kama mchezo. Hospitali wewe ni nani? Mimi ni Fancy. Mama yako ni nani? Mama Cheptoo. Na huyu? Huyu ni shangazi. Dorcus alikuwa anacheka sana kumwita mama yake shangazi. Mchezo ukawa mtamu kupita kiasi, siku moja akamwita hivyo mbele ya watu kwenye kituo cha kupimia majani, wakauliza. Hapo Eddah akaingiwa na woga. Akamkalisha mtoto kitandani, akamshika mabega, akamwambia si mchezo tena. Akamwambia akikosea hata mara moja hospitalini, baba atanyang'anywa kazi na kurudishwa kwao na polisi. Mtoto aliacha kucheka. Akaitikia kwa kichwa, akataka kujua kama polisi watakuja na gari. Eddah alijutia maneno yale palepale, lakini hakuyafuta, maana aliona yamefanya kazi.

Mara ya kwanza ilikuwa kikohozi. Walikwenda zahanati ya jirani, Cheptoo akaweka kidole kwenye mashine ya alama za vidole, Dorcus akaitwa Fancy akaitika, wakapewa dawa wakarudi. Rahisi hivyo. Cheptoo alitembea njia nzima akisifu busara yake. Eddah akamtumia Winny ujumbe kwamba wamepata njia nyingine, ahsante.

Baridi ya mwezi wa saba ikaja kikweli. Siku moja mawe yalishuka mpaka mashamba ya chai yakawa meupe na majani yakachanika. Asubuhi yake Dorcus aliamka ameshika tumbo. Eddah alimpa maji mengi, akamfunika, akampa dawa za maumivu alizokuja nazo kutoka kwao. Haikusaidia. Kufikia saa nne mtoto alikuwa amejikunja, macho yamekuwa ya manjano kidogo, anasema tumbo linachomwa, na ukimgusa analia. Calvince alikuwa zamu na simu hairuhusiwi kwenye boila. Cheptoo akaita jirani mwenye Probox, wakampakia mtoto, wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa.

Ndani ya gari Cheptoo aliuliza huyu mtoto ana nini hasa. Eddah akasema ni tumbo, na baridi, na ile homa yake ya miguu. Alikuwa na nafasi ya kusema. Njia nzima alikuwa nayo, na mtu wa kumwambia alikuwa ameketi ubavuni mwake amempakata mtoto.

Pale mapokezi Cheptoo aliweka kidole, jina la Fancy likatokea, wakapelekwa haraka. Mlangoni nesi akasema mzazi mmoja tu. Akauliza mama ni nani. Cheptoo akasema ni mimi. Akaingia na Dorcus, na mlango ukafungwa. Eddah akabaki kwenye korido na soksi za mtoto mkononi, maana walikuwa wamemvua ili wamwekee sindano ya maji mguuni.

Alisimama. Aliketi, akasimama tena. Alisikia mwanawe akilia upande wa pili wa ule mlango, akilia "mama, mama," na hakujua anamwita nani. Nakwambia kuna adhabu ambazo hata adui yako humwombei. Mzee mmoja kwenye benchi akamfariji, akamwambia usijali, shangazi, yuko na mama yake.

Ndani daktari alikuwa kijana mmoja mchapakazi kutoka upande wa Kisii, Daktari Ondieki. Hakukosea kazi yake. Alibonyeza tumbo, akakuta limekaza. Akafungua rekodi za Fancy, akaona mtoto wa hapa hapa mlimani, amewahi kupimwa damu zamani na damu yake haina kasoro, hajawahi kulazwa. Akamwuliza mama kama mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu. Cheptoo, kwa roho safi, akasema hapana, ni mzima, anakimbia huku na huku tu. Kama daktari yule angejua kwamba mbele yake kuna mtoto wa Kijaluo kutoka ziwani, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea, mwenye macho ya manjano, angeuliza habari ya damu kabla ya kuuliza jina. Lakini aliyekuwa mbele yake aliitwa Fancy. Akasema ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka, na apelekwe thieta akapasuliwe mara moja.

Cheptoo alitoka akiwa karibu kufurahi. Akamshika Eddah mikono yote miwili, akamwambia wameupata ugonjwa, ni kidole tumbo tu, watamlaza usingizi wakate watoe, na yeye ameshakubali. Sasa anakimbia ofisini kuweka kidole cha mwisho bima ipitishe. Akaenda.

Kwao, daktari mmoja mama alikuwa amemwambia Eddah mambo mengi ambayo alishayasahau, ila moja halikumtoka. Alimwambia tumbo la watoto hawa linaweza kukaza likadanganya daktari. Na akamwambia mtu yeyote asimlaze Dorcus usingizi wa kisu kabla hajaambiwa habari ya damu yake, maana anaweza asiamke. Sasa wanamwandaa. Akiingia aseme, watajua wamedanganya. Cheptoo atashikwa kwa kuitumia bima vibaya, yeye ambaye kosa lake ni wema. Calvince na kibali chake, nani ajuaye. Na lile neno litatembea kokwet nzima kabla ya jua kuzama. Asiposema, labda daktari yuko sawa, labda kweli ni kidole tumbo. Aliishika ile "labda" kwa muda mfupi ambao mpaka leo anauonea haya. Halafu akasikia magurudumu ya kitanda yakianza kusogea, akausukuma mlango.

Nesi akamzuia kwa mkono. Eddah akasema wasimpeleke, mtoto ana selimundu. Sikoseli, akarudia, ana sikoseli, msimlaze usingizi. Nesi akamtazama juu hadi chini, akamwuliza yeye ni nani kwa huyu mtoto. Eddah akasema ndiye mama yake. Nesi akasema mama ametoka hapa sasa hivi, amekwenda ofisini. Akamgeukia daktari akamwambia ni shangazi, ndugu huwa wanaogopa kisu namna hii, wanasema chochote. Kwenye rekodi hakuna kitu kama hicho. Daktari alikuwa tayari amevaa kofia ya thieta. Alisimama, akamtazama Eddah, akamtazama mtoto, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi akauliza mahali alipoona atapata jibu la haraka. Akamwinamia Dorcus.

"Fancy," akasema, "huyu ni nani?"

Dorcus alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Alimwangalia mama yake. Maumivu yalikuwa yamemtoa jasho usoni, lakini aliyakusanya mawazo yake yote, mtoto yule, akajibu bila kukosea hata neno moja.

"Huyu ni shangazi. Mama yangu ni Mama Cheptoo."

Nesi akaushika mkono wa Eddah kumtoa. Eddah akajinasua, akapiga magoti kando ya kitanda hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Akaacha Kiswahili, akasema Kijaluo, lugha ambayo Fancy wa Cheptoo hangeweza kuielewa. Akamwambia, nyara, binti yangu, imekwisha, sema wewe ni nani. Mtoto akatikisa kichwa. Akamwambia tena. Mtoto akaanza kulia, na akamjibu mama yake kwa Kijaluo kile kile, kwa sauti ndogo, akiuliza kama polisi hawatamchukua baba.

Daktari Ondieki hakukijua Kijaluo, lakini alikisikia kikitoka kinywani mwa mtoto anayeitwa Fancy wa Cheptoo. Akavua ile kofia. Na Eddah, aliyekuwa ameulizwa swali, hakuwa na uongo mwingine uliobaki wa kumpa mwanawe.

"Sijui, mwanangu," akamwambia. "Sijui kama watamchukua. Wewe sema tu."

"Mimi ni Dorcus," mtoto akasema.

Walimrudisha wodini. Damu ikachukuliwa upya, ikapimwa, na jibu likawa lile Eddah alilokuwa amesema. Kidole tumbo hakikuwa na lolote. Wakamwekea maji ya mshipa, oksijeni, dawa kali ya maumivu, wakamfunika mablanketi. Daktari hakumgombeza mtu. Alimwambia Eddah kitu kimoja tu, kwamba dakika chache zaidi angekuwa ameshampa usingizi, na akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Cheptoo aliporudi kutoka ofisini alikuwa ameshaambiwa. Eddah alijiandaa kwa matusi ya habari ya bima, na akajisemea moyoni kwamba atayapokea. Cheptoo hakusema habari ya bima. Alisimama mbele ya kitanda, akamtazama Dorcus aliyekuwa anasinzia, halafu akasema polepole, yeye ambaye hasemi polepole.

"Mimi nimeweka kidole wampasue. Mimi, Mama Dorcus. Mtoto angenikufia mkononi na mimi nasema ni mzima. Ukiachia mtu ng'ombe unamwambia ako na shida gani. Wewe umenipea mtoto, ukanyamaza."

Akatoka. Alirudi kesho yake na uji kwenye chupa, akamnywesha Dorcus mwenyewe, lakini na Eddah hakuzungumza zaidi ya salamu. Ofisi ya hospitali iliwaita wote, Calvince akiwa na nguo za boila. Jina la Fancy likaondolewa, gharama zikawa zao wenyewe, na mkubwa wa ofisi akasema itabidi aandike ripoti aipeleke juu. Ikifika juu itakuwaje, hakusema. Mpaka ninapoandika haya wanangoja, na Calvince akiona gari lisilo la kiwanda likikata kona anaacha spana.

Siku ile ile ya kuitwa ofisini, Eddah aliketi kwenye benchi la korido, watu wakiwa wamemzunguka, akampigia Winny simu. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba anataka bima, na kwamba mtoto wake ana selimundu tangu azaliwe, na kwamba ile miezi ataingoja. Mama mmoja kando yake alisogeza mguu kidogo. Eddah aliona, ikamwuma, akaendelea kuongea.

Siku ya kuruhusiwa zamu ilikuwa imebadilika. Akaja nesi mwingine, mchangamfu, asiyejua kisa, na cheti cha kutokea mkononi. Akamkuta Dorcus ameketi kitandani amevaa soksi zake za sufi, akamtekenya kidevu, akamwuliza anaitwa nani msichana mrembo kama huyu. Lilikuwa swali jepesi, la kumchekesha mtoto. Dorcus hakucheka. Aligeuza kichwa, akamtazama mama yake usoni, akangoja aambiwe.